Miguu Isiyohisi Mwiba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya mtaa wa Kiwanjani, mjini kwetu, afisa mkuu wa kituo alinionyesha kabati la dawa, kisha droo yenye glukomita, kile kimashine cha kupima sukari kwa tone la damu. Betri zilikuwa zimekufa.

"Sista Akiru," akaniambia, "hapa tunatibu kifua, malaria na kuhara. Sukari ni ugonjwa wa matajiri wanene. Usihangaike na hiyo."

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nikamwamini. Nilimwamini miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nikahamishwa Gotu, nikahamishwa upande wa Rapsu, huko kwa wafugaji, nikarudi mjini katika zahanati ileile. Kote huko nilikuwa muuguzi mzuri, wala sioni haya kusema. Nilizalisha watoto ambao leo wananipita na pikipiki bila kunisalimia. Lakini kisukari nilikitafuta kwa wenye vitambi tu. Mfugaji mwembamba akisema anakojoa kila mara, nilimpa dawa ya njia ya mkojo, nikamwita anayefuata.

Aliyenizindua ni muuguzi msimamizi mpya, mama mkali asiyependa maneno mengi. Alitia betri kwenye ile glukomita siku aliyofika.

"Kila mtu mzima anayeingia hapa atapimwa sukari, na atavua viatu," alisema.

"Hata aliyekuja na jino?" nikauliza.

"Kwani mwenye jino hana miguu?"

Kupima miguu ni kazi rahisi. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa wayo kwa uzi mgumu wa nailoni, naye anasema anapohisi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu. Mguu hufa ganzi, na kidonda huanza, mwenye mguu hana habari. Wiki ya kwanza tu tulishangaa. Wagonjwa wa kisukari walikuwa wakipita mbele yetu kila siku, wanene kwa wembamba, wamekuja kwa mafua au wameleta wajukuu. Baadhi yao macho yalikuwa yameanza kufifia, wakadhani ni uzee.

Mmoja wao alikuwa Mzee Galgalo, mchuuzi wa mbuzi, mwembamba kama fimbo yake. Alikuwa na kikohozi.

"Salaam aleikum, sista. Mimi nimekuja na kifua, wewe unataka miguu?"

"Aleikum salaam, mzee. Vua tu."

Akavua akala, zile ndala za tairi, huku akijisifu mbele ya foleni nzima. "Angalia basi! Vijana wa sasa wanalia mwiba ikiwadunga. Mimi siku hizi hainiumi kabisa!"

Nikainua wayo. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama karibu na kidole gumba, nyama imegeuka nyeusi, inanuka. Glukomita haikutoa hata nambari. Iliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Niliogopa.

"Mzee, leo unaenda hospitali kubwa."

"Kesho ni soko ya mbuzi. Nitaenda baada ya soko."

"Ukingoja soko, utapoteza mguu."

Alinikazia macho, akaona sitanii, akaenda. Walikata vidole viwili. Mguu ukapona.

Nilisifiwa sana kwa mguu ule, nami nikazipokea sifa. Ambacho sikusema ni kwamba mwaka uliotangulia Mzee Galgalo alikuja kwangu mara mbili, akilalamika kiu na mkojo. Mara zote mbili nilimrudisha na dawa ya njia ya mkojo, kwa sababu alikuwa mwembamba. Jambo hilo lilinichoma hadi nikastaafu.

Ninyi mnaovaa sare leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Pimeni, msibahatishe kwa kutazama tumbo la mtu. Mimi kazi niliijua, na bado sikumwona mtu aliyeketi mbele yangu.

Mwezi uliopita nilimwendea Mzee Galgalo nyumbani nikamwambia yote. Aliutazama ule mguu uliokatwa vidole.

"Ungenipima ile mara ya kwanza, ningekuwa na vidole zote?"

"Naamini ungekuwa navyo, mzee."

Nilingoja anifukuze. Nilistahili. Badala yake alivua kiatu cha mguu mzima, akaunyoosha mbele yangu.

"Basi angalia hii," alisema, "na usiharakishe."