Mafungu Mawili ya Mchanga

Moshi wa korosho hauna adabu. Huingia nyumbani bila hodi, hushika nguo na nywele, hukwaruza koo. Mpaka leo nikiusikia moyo huanza kunienda mbio, nami hurudi Mwabungo, darasa la tano, msimu ambao mama alikaanga korosho juu ya kipande cha bati nyuma ya nyumba. Nilikuwa mtoto wa haya. Mwalimu akiniuliza swali, nilijibu ndani ya kola ya sare. Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Mutindi, tuliyekaa naye dawati moja. Wazazi wake walitoka bara, wakalima mihogo na kuuza mboga kando ya barabara. Mwaka huo vurugu za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimepita pwani yetu, na jamaa wengi wa bara wakafunga virago. Akina Mutindi walibaki. Watu wazima walishaanza kuamkuana tena, lakini maneno yao ya wakati wa fujo yalikuwa bado vinywani mwetu sisi watoto.

Ugomvi wa shuleni kwetu ulikuwa na sheria zake. Mchokozi alikusanya mafungu mawili ya mchanga mfano wa matiti, akasema, "Hili ziwa la mamangu, hili la mamako." Kisha akalipiga teke la mamako. Usipopigana, umekubali mama yako atukanwe, na jina la mwoga utakwenda nalo mpaka darasa la nane. Jumatatu moja Saumu, msichana aliyewashinda nguvu hata wavulana, alimjengea Mutindi mafungu hayo. "Wewe wa bara, mbona hukurudi kwenu?" Mguu wake ulipoinuka tu, mimi nilitoka mbio. Sikusimama hadi kwa mama, penye moshi. Baadaye Mutindi alipita njiani, mkono wa sare umechanika, na hakuangalia upande wetu.

Mama alitaka kujua kwa nini nimejificha nyuma ya gunia. Nikamweleza, kisha nikajitetea kwa maneno yake mwenyewe: "Si wewe husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio?" Akazigeuza korosho kwa kijiti, zikalia na kutema mafuta. "Husema," akajibu. "Mbona basi sikusikii ukicheka?" Nikamuuliza kama anataka nikapigane. "Nani kataja kupigana? Nimekuuliza kicheko kiko wapi."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, mafungu yalikuwa tayari nyuma ya madarasa. Shule nzima ilizunguka duara, vumbi juu, makelele tele. "Mpige! Mpige!" Saumu akalitawanya fungu la mamake Mutindi kwa teke moja. Mutindi alikuwa amekunja ngumi. Sijui miguu yangu ilinifikishaje katikati. Nilipiga magoti, nikaukusanya mchanga, nikalijenga fungu upya.

"Mwanamisi! Jana si ulikimbia wewe?" Saumu akacheka, akapiga teke. Nikajenga. Akapiga tena, mchanga ukaniingia kinywani. Nikajenga. Akanizaba kofi, masikio yakavuma kama nyuki. Nilitaka kukimbia, wallahi, na nilitaka kumng'ata mguu. Vyote viwili kwa pamoja. Lakini mikono ilikuwa na kazi. Duara zima likaanza kuhesabu, "Nne! Tano!" nami, mtoto wa haya, nikajikuta damu ikinichemka kwa furaha ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Mutindi akafungua ngumi zake, akachutama kando yangu, tukajenga wawili.

Ndipo mvulana mmoja mchochezi, akidhani anatusaidia, akaruka na kulipiga teke fungu la mamake Saumu.

Saumu alikodoa macho, midomo ikimcheza. Nikamwona kwa mara ya kwanza anaogopa, kwani sasa yeye ndiye aliyetukaniwa mama. Nikasogea kwa magoti mpaka pale, nikaanza kulijenga na hilo. Aliinua mkono, nikafumba macho, nikaendelea kupapasa mchanga. Kofi halikuja.

"Mamangu si mwembamba hivyo," akasema. Akachutama, akaongeza mchanga kwa viganja viwili. Mutindi akaangua kicheko, Saumu naye, kisha duara zima. Nilirudi nyumbani shavu limevimba nikicheka peke yangu njia nzima. Mama akanimiminia korosho za moto mkononi.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo sikuogopa tena. Si kweli. Siku hizi uwanja ule una saruji, watoto hawajengi mafungu, na mimi bado ni mtu wa haya. Juzi, kwenye foleni ya bomba, mwanamke mgeni alitukanwa kwa sababu ya kwao alikotoka, na ndoo yake iliyojaa ikapigwa teke. Nilijitwika yangu nikaondoka, nikijiambia kwa mwoga huenda kicheko. Nilikuwa karibu kufika kwangu nilipousikia moshi wa korosho kutoka ua wa jirani, moyo ukaanza mbio zake. Nikasimama. Sikuwa nikicheka. Nikageuka na ndoo yangu kichwani, maji yakinimwagikia mabegani, nikarudi bombani kumjazia yake.