Jina Nililoliita Mtoni

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakunja miguu ndani ya leso. Nitakusimulia polepole, maana hofu yake bado ninayo.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa imepita ikafagia mazizi ya Waorma, toka Garsen hadi Wenje. Baba yangu alibakiwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, tuliyemwita Dima, naye akanipa niende naye kwa mume. Basi moyo wangu wote ukahamia kwa ng'ombe yule. Mama mkwe akiniita tuswali, nilisujudu huku sikio liko zizini. Dini kwetu ilikuwa bado changa, nami nikajiambia Mungu hana haraka, nitampa moyo nikizeeka.

Ukame ulipozidi, tukavuka mto Tana kufuata majani. Ng'ombe wachache waliosalia kwa mume wangu waliogelea, sisi wanawake tukapanda mtumbwi wa mzee mmoja Mpokomo. Mimi nilikataa kumwachia Dima. Nikaishika kamba yake nikiwa mtumbwini, naye akiogelea ubavuni.

"Achia kamba, binti," akasema yule mzee. "Maji haya yana wenyewe."

Nikajifanya sisikii. Nilikuwa na kichwa kigumu, usione nimekuwa mpole leo. Katikati ya mto Dima akavuta, nikaenda naye majini. Kuogelea sijui. Kamba ikaniponyoka, kisha kitu kigumu, chenye magamba, kikapita kikinisugua mguu, bila haraka yoyote. Nikapiga ukelele: "Dima! Dima! Dima!"

Mzee akanidaka nywele, akanivuta ndani.

Ng'ambo nilitapika maji mpaka nikalegea. Nilipoinua macho nikamwona Dima. Alikuwa ameshafika, anakula majani, wala hakugeuza kichwa.

Mama mkwe hakunigombeza. Alinifunika kwa leso yake, akauliza, "Mwanangu, kama mamba angekuchukua, ungemfikia Mungu na jina la nani mdomoni?"

Hapo ndipo nilipoanza kutetemeka, juani, nchi kavu. Mamba alikuwa amekwenda zake, lakini moyo wangu nilikuwa nao kifuani, na ulikuwa umempa mnyama mahali pa Mola wala sikuwa na habari.

Kwa hiyo, mwanangu, mpende mumeo, wapende watoto, ipende mifugo, sikukatazi. Lakini Mungu mwite kila siku, ukikamua, ukichota maji, hata ukiwa umeshiba na huna shida yoyote, mpaka moyo umzoee. Usiseme utamgeukia baadaye. Mle majini sikupata nafasi ya kuchagua jina. Lilitoka lile nililolizoea.

Mimi bado naogopa. Dima alikufa zamani, na jina la Mungu nimeliita miaka mingi, lakini siku nyingine nikisinzia linalonijia ni lile la ng'ombe. Siku yangu ikifika, kaa karibu na mdomo wangu usikilize. Ukisikia namwita Dima, usicheke. Nitamkie shahada sikioni, taratibu, mpaka niifuate.

Nawe Mungu akuweke, mwanangu. Aushike moyo wako ungali mbichi, na siku yako ya kuvuka, jina lake liwe la kwanza kukutoka.