Duara la Hatua Tisa

Dada yangu Mwanakheir si mtu wa maneno. Mungu alipogawa ulimi, fungu lake aliniongezea mimi. Kwa hiyo habari zake hazina budi kuelezwa na mimi, Bakar, muuza saa na miwani wa Darajani, msomi wa darasa la saba na nusu. Hiyo nusu niliikatisha kwa hiari yangu, maana walimu walikuwa hawana jipya tena la kunifundisha.

Tulizaliwa Tumbatu. Mwanakheir akaolewa ng'ambo, kijiji cha juu ya Mkokotoni, na mumewe akafa akamwachia nyumba bila ya mtoto. Watu wakangoja arudi kwao. Hakurudi. Alikaa mlangoni akasuka ukili miaka sita, akauza mikeka, mpaka akapata mtamba mmoja wa ng'ombe, wa rangi ya halua, akamwita Johari. Johari alipozaa, maziwa yake yakaanza kushuka mjini kila asubuhi hadi kwenye mkahawa mmoja wa Malindi. Nusu ya wanywa chai wa pale hawakujua kuwa wanamnywa Johari. Mimi nilikuwa nawaambia, na nikiongeza kuwa ng'ombe yule nilimchagua mimi. Si kweli, lakini nani angekwenda kuuliza?

Kijiji kile kina kilima. Ndugu zetu wa bara wakija watauliza kilima kiko wapi, nao wameshasimama juu yake. Ndiyo malisho ya watu wanne: dada yangu, Borafya, mzee Mkubwa ambaye hasikii vizuri kwa hiyo hukubali kila kitu, na Wakil. Kila ng'ombe ana kamba yake na kigingi chake. Zamani mtu alipigilia kigingi popote alipoona kijani, na ikifika Januari kilima chote kiko upara kama kichwa changu, ila mimi upara umenipendeza.

Huyo Wakil ndiye aliyebadilisha mambo. Alikaa miaka kumi na moja bara, kwenye shamba la mifugo katika nyanda za juu upande wa Makete, huko ambako watu huvaa makoti mwezi wa saba na malisho yako juu kuliko mawingu. Aliporudi akajenga jirani na dada. Siku moja akatuita, akachora mchangani kwa kijiti.

"Jani likiumwa mara moja, linachipua kwa akiba ya mzizi," alisema. "Likiumwa tena kabla halijapumzika, linakula mzizi wake lenyewe. Mara ya tatu halipo tena. Kule juu kwenye baridi jani halina haraka, linapumzishwa miezi. Tulikuwa na mabonde mazima hayakanyagwi, na ng'ombe wananenepa."

"Majani yapumzike?" Borafya akaangua kicheko. "Kwani yamefanya kazi gani? Mimi mwenyewe sijapumzika tangu nioe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote. Mwanakheir peke yake hakucheka. Aliuliza: "Wakil, mzizi ukiwa mrefu, jua la Kaskazi linaufikia?"

"Haliufikii, Bi Mwanakheir. Na mvua ikinyesha, maji yanaingia chini badala ya kukimbilia baharini."

"Basi mimi nimo."

Ni yeye aliyekwenda mlango kwa mlango kuwashawishi wenzake, mtu ambaye salamu zake tu ni za kuhesabu. Wakakubaliana kilima kigawiwe robo nne. Tatu za chini zizungukwe kwa zamu, siku kumi hapa, siku kumi pale, na jani likiliwa likashuka hadi kimo cha ngumi ng'ombe wahame. Robo ya juu ifungwe tangu Vuli mpaka katikati ya kiangazi. Wakasoma fatiha, na mimi nikaitikia amini kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaka wa kwanza, wanangu, Januari ilikuta majani ya robo ya juu yanagusa goti. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, una ubaridi, ukiufinya unashikamana. Johari hakukauka maziwa hata siku moja. Borafya akaanza kueleza wageni kuwa wazo lile lilikuwa lake. Nikamheshimu kwa hilo, maana uongo wa namna ile nauelewa.

Mwaka wa pili Vuli ikaja kwa uchoyo, mvua ya kulowesha kofia. Robo za chini zikapungua mapema. Johari alikuwa na mimba ya kuzaa Februari, na wote wanne walikubaliana kuwa robo ya juu isiguswe mpaka azae. Kila Ijumaa nilipokwenda kumtazama, dada alinipeleka ukingoni tuyaone majani. Alikuwa akiyatazama kama mtu anavyotazama mtungi uliojaa.

Mwezi wa Disemba ng'ombe wa Wakil akatangulia kuzaa.

Hapa kalamu yangu inataka kutoroka, lakini nimeishika. Siku hiyo nililala kwa dada, nikaamka baada ya alfajiri, nikapanda juu kutafuta mtandao wa simu. Nikamkuta Wakil ndani ya robo iliyofungwa, ng'ombe wake anang'oa majani kwa pupa.

"Kaka Bakar," akaniambia bila kushtuka, "kazaa juzi, hana nguvu. Leo tu. Usimtie dada yako presha bure."

Mchana wake likaja kutoka kwa Wakil bakuli la dang'a, yale maziwa ya mwanzo, yamepikwa yakaganda, yametiwa iliki. Nikala peke yangu nyuma ya nyumba. Lilikuwa tamu, wallahi. Nikajisemea siku moja haiui kilima, nikarudi Darajani kwenye miwani yangu.

Ijumaa iliyofuata Mwanakheir akanishika mkono, tukapanda. Katikati ya majani yale marefu palikuwa na duara lililonyolewa hadi udongo, la mviringo kama sinia, na katikati yake tundu la kigingi. Nyayo za ng'ombe zilikuwa moja juu ya nyingine, za siku nyingi. Mwalimu aliyetufundisha kuhamisha kigingi, chake alikirudisha tundu lile lile kila alfajiri.

Dada akasimama kwenye tundu akaanza kuhesabu hatua mpaka ukingoni. Tisa. Kamba yake yeye ni hatua saba. Ya Borafya ni sita, imeungwa mara tatu. Ya mzee Mkubwa ni tano. Dada akashuka moja kwa moja mpaka uani kwa Wakil, na mimi nyuma yake nikitafuta la kusema, mimi Bakar, nisilipate.

"Wakil."

"Naam, Bi Mwanakheir. Karibuni."

"Kamba yako hatua ngapi?"

Wakil alikuwa akinoa panga. Akaendelea kidogo, kisha akaacha. "Tisa."

"Nnatoka juu."

"Ng'ombe wangu kazaa," akasema. "Chini hakuna kitu. Ulitaka nifanye nini?"

"Uniambie."

"Ningekwambia ungekataa."

"Naam, ningekataa. Na wewe ungekuwa umeniuliza." Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Nlichekwa kijiji kizima kwa maneno yako, Wakil. Nliyabeba nyumba kwa nyumba kama yangu."

Wakil akaona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kugawana naye. Akaninyooshea kidole. "Mbona mdogo wako kaniona tangu wiki iliyopita na hakusema neno? Dang'a kala na bakuli karudisha safi."

Dada akageuka. Nimeuza miwani miaka ishirini, nimetazama macho ya watu wengi kwa karibu. Sikuwahi kutazamwa vile. Hakuuliza kama ni kweli. Akapita kando yangu akaenda zake.

Habari haikuchelewa. Borafya akakichomoa kigingi chake akakipeleka robo ya juu siku ile ile: "Mwalimu kala, mwanafunzi afunge saumu ya nini?" Mzee Mkubwa akafuata, bila shaka hakusikia kwa nini. Siku nane tu, na robo ya juu ikawa udongo mtupu. Mwanakheir hakumpeleka Johari kule juu hata siku moja. Wakamwambia naye achukue fungu lake. Akasema fungu lake ni la Februari.

Februari haikuwa na kitu. Alikata mashina ya migomba, akaomba majani ya mihogo, akaenda mbali na mundu akarudi na kitita cha majani cha mkono mmoja. Mbavu za Johari zikahesabika. Wiki mbili kabla ya kuzaa, akaja mtu wa Chukwani mwenye zizi na pumba, akamnunua, na ndama tumboni. Dada alimfungua kamba, akaikunja, akampa yule mtu aende nayo.

Masika yakanyesha. Kilima kikaota, lakini zaidi magugu ambayo ng'ombe huyanusa akayaacha. Majani mazuri yalikuwa vichaka hapa na pale, kama ndevu za kijana. Ndipo wenzake dada wakakumbuka robo zao. Wakaniomba niwasindikize. Tukamkuta mlangoni anasuka ukili.

"Tunataka tuanze upya, Bi Mwanakheir," Borafya alisema. "Ila pawe na msimamizi, mtu asiye na ng'ombe, ili asiwe na upande. Tumekuona wewe."

Wakil alikuwa akitazama chini. Dada alimaliza ule mstari aliokuwa akisuka.

"Aliyetoa shauri hilo nani?"

Nikasema: "Mimi, dada."

"Basi simamia wewe, Bakar," akasema. "Macho unayo."

Akauchukua ukili wake, akaingia ndani, akarudisha mlango.