Nyuzi za Gitaa Kwenye Ndoo ya Mchele

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze hata moja. Wa hapa Hale mtakaonitambua, nitambueni tu, nimechoka. Nina miaka thelathini na mbili, watoto wawili, na ndoa ya miaka tisa ambayo sijui kama itafika wiki ijayo. Na wale wa "vumilia dada, ndoa ni uvumilivu" piteni kushoto, leo sina hali hiyo.

Mume wangu ni fundi pikipiki na ana gitaa. Si haya ya nyuzi za plastiki, ni la nyuzi za chuma, analipiga kwenye maharusi kuanzia hapa mpaka Korogwe mjini. Sasa hizo nyuzi zina adha. Ule mwembamba kabisa unakatika hata akicheka. Madukani huku hazipatikani, anaagizia Tanga kwa kondakta wa basi, zikija anaweka akiba seti tatu nne. Na sisi tuko karibu na mto, unyevu kila mahali, ukiweka chuma kabatini mwezi hauishi kimeota kutu. Mpigaji mwenzake akamfundisha azifukie kwenye mchele, eti mchele unanyonya unyevu. Nilipiga kelele, lakini zilikuwa kwenye pakiti zake, kavu, nikasema haya, ugomvi wa nini. Kila nikichota mchele nazisogeza pembeni.

Jambo jingine mlijue. Mama yake yuko Handeni, na hajui kama hilo gitaa bado lipo. Baba mkwe kabla hajafariki alimwambia huyu wangu aachane na magitaa, naye akaapa mbele ya wazazi wote wawili kwamba ameshaliuza. Muongo mkubwa! Mama akija kututembelea gitaa linahamia kwa jirani, na mimi nafunga mdomo miaka yote hiyo. Nilimsitiri mimi, nasema tena, mimi huyu huyu.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja na wifi yangu mkubwa. Nilikuwa na mafua makali, pua imeziba, sisikii hata harufu ya kitunguu. Nikapika wali wa nazi na kuku, nikawatengea. Mama akala matonge mawili, la tatu akalitema.

"Mafuta ya taa! Huyu mwanamke katutilia mafuta ya taa!"

Wifi akanusa sufuria, akapiga yowe mpaka majirani wakaja. Mama akatoka nje kutapika.

Nikakimbilia ndoo ya mchele. Chini kabisa nikakuta gazeti limelowa, ndani yake nyuzi zilizotumika. Kumbe bwana mkubwa alikuwa amefunga nyuzi mpya kwenye gitaa, zile za zamani akaona azitoe kutu aje azitumie tena zikikatika hizi. Akazifuta kwa mafuta ya taa anayooshea vyuma vya pikipiki, akazikunja kwenye gazeti, akazifukia kwenye chakula cha wanangu bila kuniambia neno.

Nimesimama na lile gazeti, yeye huyo mlangoni. Tukaangaliana. Akanitikisia kichwa, yaani nisiseme. Na mimi mjinga nikalirudisha, nikijua atatafuta namna ya kunitetea. Thubutu! Mama mkwe anasema, "Nilikwambia mwanangu, hao watu wa milimani wana mambo yao." Kwetu ni Bungu, mimi Msambaa, na hilo hajawahi kunisamehe. Mwanaume wangu kashika kidevu anajibu, "Tulia mama, nitalifuatilia." Ufuatilie nini wewe, wakati umeliona kwa macho yako?

Walipoondoka nikadhani ataniangukia miguuni. Alikwenda jikoni moja kwa moja, akafungua lile gazeti, akakagua uzi mmoja mmoja. "Afadhali hazijaharibika." Wallahi nilimrushia mwiko. Ulimpata begani na sijutii.

Sasa ukoo wao wameitisha kikao Handeni Jumamosi hii. Wanataka niende na mama yangu mzazi, nipige goti, nimuombe mama mkwe msamaha kwa kutaka kumuua, la sivyo niachwe. Mama yangu hajawahi kuitwa kwenye kesi ya mtu tangu azaliwe. Ananipigia simu analia, "Mwanangu, kweli uliwawekea?" Mama aliyenizaa ananiuliza hivyo!

Nikamwambia mume wangu aende akaseme ukweli. Akalia, mtu mzima na ndevu zake. "Mke wangu, wewe ukipiga goti yanaisha. Mimi mama akiniondolea radhi hayaishi mpaka kaburini. Nilimuapia marehemu."

Nikamuuliza, "Na mama yangu akitukanwa mbele ya ukoo wenu kwamba kazaa muuaji, hiyo kwako ndogo?" Akainama, akasema nimuonee huruma. Huruma! Yeye kanionea lini?

Nikisema, mume wangu anapotea kwa mama yake, na huyo mama ana presha, akianguka pale mtasema nimemaliza kazi niliyoianza. Nikinyamaza, nimekubali mwenyewe kuwa nilitaka kuua mtu. Msiniambie ni jambo dogo. Wifi kapita mtaa mzima kulitangaza, na limeshaingia ndani kwangu. Jana nimewatengea wanangu chakula, binti yangu wa miaka minane akaisukuma sahani yake kwangu, akasema, "Mama, onja wewe kwanza."

Nikaonja. Nikamrudishia sahani yake.

Jumamosi hiyo inakuja. Ninyi mngekuwa mimi, mngefungua mdomo au mngepiga goti? Nijibuni.