Jipu la Masese

Loice alikuwa ameacha kumhurumia mumewe zamani. Masese alionyeshwa picha ya hospitali: jiwe ndani ya figo, kubwa, lenye matawi kama tangawizi. Akarudi Ekerenyo akisema madaktari wa siku hizi wanapenda tu kupasua watu. Mtu kama huyo anahurumiwa ya nini?

Aliyemwamini ni Gibson, mwuza mitishamba wa Masimba, mwenye kipaza sauti na koti jeupe lililochanika kwapani. "Jiwe litayeyuka kama sukari," Gibson alimwambia, na Masese, mzee wa kanisa aliyebishana na kila mchungaji aliyeletwa kwao, kwa huyo hakufungua mdomo. Akanywa maji yale meusi miaka na miaka. Homa ikaja, ikaenda, ikarudi. Mkojo ukanuka. Suti yake ya Sabato ikamning'inia kama ya kuazima.

"Ni dawa inafanya kazi," alisema akiwa amejikunja kitandani.

"Inafanya, Baba Damaris. Inakuzika."

Kisha jipu likamfura mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Likapasuka kanisani, katikati ya maombi. Shati likalowa usaha, na waumini wa benchi la nyuma wakasogea mbali huku wamefumba macho, kana kwamba Roho ndiye aliyewasogeza. Nyumbani, Loice akiosha kidonda kwa kinyaa, kijiwe cha kahawia kikadondoka kwenye beseni.

Masese alikiokota akicheka. "Umeona? Gibson si alisema litatoka!"

"Kwa mgongo?"

Loice aliita bodaboda, akampakia katikati yake na dereva kama gunia, wakashuka hospitalini Kisii.

Daktari Nyamoita alimweleza Loice taratibu. Figo ilishakufa. Kilichobaki ni mfuko wa usaha na mawe, na usaha ule ulikuwa umejichimbia njia hadi nje ya ngozi.

"Ni nadra sana, mama. Wengi hutibiwa kabla hali haijafika hapa."

"Huyu ana kipaji," Loice akasema.

Figo ikatolewa. Masese akapona, na hata kwa hilo mkewe hakumsifu. Siku hizi yeye husimama sokoni, kiganja juu ya kovu, akiwafundisha watu habari za figo. "Mimi na daktari tuliamua itoke," husema, na wanamsikiliza kwa heshima, wapumbavu wale. Loice hununua chumvi yake akaenda zake.