Klachi Isiyojua Polepole

Nakumbuka mchana mmoja wa Novemba, mwaka ule wa uchaguzi wa 2007, Kamau alipoingiza gari lake kwenye gereji yangu hapa Gatina, Kawangware, na kuniambia kwamba limeanza kumdanganya. Akikanyaga mafuta injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki, na ndani kunanuka kama nywele zilizoungua. Sikuhitaji kulipandisha kwenye jeki. Klachi ilikuwa inateleza.

Mwanangu, wewe unayetaka kushika spana, na hata wewe ambaye hutaishika maishani, kaa kidogo nikueleze. Klachi ni sahani inayokaa kati ya injini na gia boksi. Ukikanyaga pedali, viwili hivyo vinaachana, ukiachilia, vinashikana. Kazi yake yote ni hiyo, kuachanisha na kushikanisha kwa adabu. Kamau alikuwa amefungiwa taabo kubwa, ile ya kusukumia injini hewa zaidi, na fundi mwingine, injini ikapata nguvu karibu mara mbili ya ile iliyotoka nayo kiwandani, lakini klachi ikabaki ile ile ya zamani. Ni kama kumbebesha mtoto gunia la mahindi. Hakuna wa kumlaumu akilidondosha.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimetoka Machakos nikiwa kijana, nina gereji yenye jina langu, na kiburi kilikuwa kimenijaa hadi kooni. Nilitaka nijulikane kuwa fundi wa magari ya mbio. Nikaenda maduka ya spea ya Kirinyaga Road, nikakuta klachi za aina mbili zinazoweza kuibeba injini ile. Ya kwanza ilikuwa na presha pleti, bamba la kuibana sahani, ngumu kuliko ya kawaida, lakini sahani yake ilikuwa nzima, yenye springi katikati za kupokea mshtuko. Ya pili ilikuwa ya mashindano. Sahani yake haina springi hata moja, ina vipande sita vya shaba vilivyopangwa kama petali za ua, na ikishika imeshika. Nikaipenda kwa macho kabla sijaipenda kwa akili.

Hata hivyo, kabla ya kununua nilipita Sarang'ombe kumwona Mzee Opiyo. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa kabla sijazaliwa, na tangu nimjue alikuwa akifungua gia boksi kwenye kibanda cha mabati pale Kibera, mikono yake imeingia oili hadi kwenye mistari ya viganja. Nilimweleza nguvu za injini, nikamtajia klachi zote mbili. Hakuuliza lolote kuhusu injini. Aliniuliza gari linalala wapi, linapita barabara gani asubuhi, na Kamau akiendesha huwa amembeba nani.

Nikamjibu kwamba Kamau anakaa Nyayo Highrise, anafanya kazi mjini, na Jumapili humpeleka mama yake kanisani.

"Basi hiyo gari inaishi kwa jamu," akasema. "Mwekee ile ya springi. Ile ingine haijui polepole."

Hayo tu. Mzee hakuwa mtu wa kurudia neno. Nilitoka pale nikijiambia kwamba amezeeka, kwamba yeye ni mtu wa pikapu na malori, magari ya siku hizi hayajui. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikanunua ile ya mashindano.

Na hapa, mwanangu, ndipo lilipo kosa langu lenyewe, maana kuchagua vibaya ni jambo linaloweza kumpata fundi yeyote. Kamau aliniuliza waziwazi kama klachi ile itamsumbua kwenye foleni. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeijaribu mwenyewe kwenye kichochoro cha nyuma ya gereji, nikaona jinsi gari linavyoruka kama mbuzi aliyechomwa na mwiba. Lakini niliogopa kwamba nikisema ukweli atapeleka gari kwa fundi mwingine, na sifa za kazi ile ziende naye. Nikamwambia, "Utazoea."

Wiki ya kwanza alifurahi. Kwenye Ngong Road asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, gari lilivuta hadi akanipigia simu kunishukuru. Wiki ya tatu furaha ikaisha. Mguu wa kushoto ulikuwa unamuuma kwa ugumu wa pedali. Kwenye foleni gari lilikuwa ama limesimama ama linaruka, hakuna katikati, na mama yake alikataa kupanda tena. Siku chache kabla ya kura akaliacha kwangu, akaniomba nitafute dawa, kisha akaenda zake Highrise. Nami nikalifunika kwa turubai, nikasema tutaonana baada ya sikukuu.

Yaliyofuata baada ya kura unayajua, au umeyasikia kwa wazazi wako. Sitayachimbua yote. Kawangware kulichomeka maduka, Kibera kulichomeka maduka, na watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kuulizana majina. Matatu ziliacha kutembea. Mimi nilikaa ndani na familia yangu siku kadhaa tukila mahindi makavu ya kuchemsha.

Asubuhi moja, Januari ilipoanza, Mzee Opiyo akanipigia simu. Mama yake Kamau, ambaye tulimwita Mama Kamau, alikuwa na kibanda cha mboga pale Sarang'ombe, milango michache kutoka kwa Mzee. Kibanda kilikuwa kimevunjwa. Mzee na mke wake walikuwa wamemficha nyumbani kwao siku tatu. Tatizo lilikuwa kwamba mama ana kisukari, dawa yake ya sindano imeisha, na tangu jana maneno yake yalikuwa hayaeleweki vizuri. Kamau alikuwa karibu sana, upande wa pili tu wa Kibera, kule Highrise, lakini vijana waliofunga njia walikuwa wanataka vitambulisho, na kwa kabila lililoonekana kwenye jina lake hangefika. Mimi Mkamba, jina langu halikuwa na adui mkubwa wiki ile. Mzee aliuliza kama nina gari.

Gari lililokuwa kwenye gereji yangu likiwa na betri na mafuta lilikuwa moja tu.

Nililiendesha hadi upande wa Olympic, pa kuingilia Sarang'ombe, bila shida, kwa sababu barabara ilikuwa tupu na klachi ile ilitengenezwa kwa barabara tupu. Kufika pale vijana kama ishirini walikuwa wamepanga mawe na matairi ya kuungua. Mzee Opiyo alikuwa ameshazungumza nao. Wengi walikuwa wamekua wakimwona, na baadhi aliwahi kuwalipia karo. Walikubali mama apite, kwa sharti kwamba niende mwendo wa kutembea huku wao wakinitazama, na mmoja wao atangulie mbele akiondoa mawe. Huyo aliitwa Otieno, wenzake wakimwita Otis, kijana wa kazi za mjengo, za kujenga nyumba, wa miaka ishirini na kitu. Alinisalimia, "Niaje fundi," kama vile ni siku ya kawaida.

Kuingia njia inateremka, nikaliacha gari liserereke lenyewe hadi mlangoni kwa Mzee, tukampakia Mama Kamau nyuma, amejifunga leso, macho mazito. Mzee akaketi mbele kando yangu. Njia ya kutoka ilikuwa inapanda kidogo na ina makorongo. Nikaachilia pedali taratibu kama ninavyojua kuachilia, mguu mwepesi kama unyoya. Klachi ikatetemeka, gari zima likatetemeka, nikasimama. Nikajaribu tena. Likaruka hatua moja, nikasimama. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Otis alikuwa ameinama mbele yangu akivuta jiwe kubwa, na aliponipungia mkono nisogee, nikaongeza mafuta kidogo ili injini isizime, nikaachilia pedali.

Klachi ilishika yote kwa mara moja. Gari liliruka mbele, na mguu wa Otis ukabanwa kati ya bampa na lile jiwe. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijamsikia yeye akilia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Nikaona mikono inaokota mawe. Mmoja akasema nimemgonga makusudi, kwamba tangu mwanzo nilikuwa natishia kwa kurukaruka. Nilikuwa nimeshika usukani na siwezi kuuachilia. Mzee Opiyo alifungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya boneti. Hakuinua sauti.

"Huyu fundi nilimfundisha mimi," akawaambia. "Klachi ya hii gari ni mbaya, na mimi nilijua ni mbaya. Kama ni kupiga, anzeni na mimi. Lakini mkishanipiga, nani atampeleka Otis hospitali?"

Gari lingine halikuwepo. Walitazamana, mawe yakaanza kushuka, na wawili wakamwinua Otis wakamlaza kiti cha nyuma, mahali palipokuwa wazi, na mahali hapo palikuwa kando ya Mama Kamau. Yule mama, ambaye asubuhi ile hakuwa akijua vizuri ni siku gani, alikipokea kichwa cha kijana kwenye mapaja yake. Akaifungua leso aliyojifunga, akatukabidhi tuufungie mguu pamoja na kipande cha ubao.

Kisha Mzee akaniambia nizime injini na niweke gia huru. Vijana wakalisukuma gari kwa mikono, kumi upande huu, kumi upande ule, polepole, wakilipitisha juu ya makorongo kama wanabeba mayai. Gari lenye nguvu kuliko yote yaliyowahi kuingia gereji yangu lilitoka Sarang'ombe kwa kusukumwa. Tulipofika lami nikawasha, na kutoka pale hadi hospitali Mama Kamau alikuwa akimwambia Otis, "Vumilia baba, tunafika," mara nyingi, kwa sauti ile ile.

Mama alipata dawa, akapona. Kamau alimfuata pale hospitalini jioni kwa miguu. Mguu wa Otis ulikuwa umevunjika mahali pawili, na hadi leo akitembea umbali mrefu anachechemea. Kazi ya mjengo ilimshinda. Mzee Opiyo alimkalisha kwenye benchi lake, akamfundisha gia boksi, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya ameketi. Najua watu wanapenda kusikia kwamba mambo yote yalirudi sawa. Hayakurudi yote. Mama Kamau hakuuza mboga Kibera tena, na kuna majirani ambao hawakusalimiana tena hadi wakahama.

Njia zilipofunguka Mzee alikuja Gatina. Alinikuta nimeishusha gia boksi ya gari la Kamau, ile klachi iko sakafuni. Aliiokota akaigeuza, akaniuliza kama nilikuwa najua jinsi inavyofanya kabla ya kumpa mwenyewe gari. Nikasema nilijua. Akauliza nilimwambia nini. Nikamweleza. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu.

"Ukimwambia mtu utazoea," akasema, "umeacha kazi yako nusu, halafu unamwambia aimalize na mguu wake. Na siku hiyo mguu haukuwa hata wake."

Akavua koti, akanisaidia kupandisha ile klachi nyingine, ya springi, ambayo nilikuwa nimeinunua kwa pesa yangu. Kabla ya kuipandisha akanifanya nipeleke flaiwili, gurudumu la chuma la injini ambalo sahani hushikana nalo, ikachongwe upya, na bearing ya kuisukuma tukaweka mpya, kwa sababu sahani mpya kwenye chuma kilichochakaa ni shati jipya kwenye mwili usioogeshwa. Siku ileile nilimwita Kamau nikamwambia ukweli wote, na baadaye nikaenda kumwambia Otis. Alinisikiliza, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumwomba aseme. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyenipigia simu kuniuliza jambo la gia boksi.

Sasa nimevuka hamsini, Mzee tumeshamzika kwao ziwani, na vijana wananiletea magari yenye nguvu kuliko lile la Kamau. Mwanangu, nakuachia ninayoyajua. Injini ikiongezwa nguvu, iongeze klachi pia, lakini iongeze kwa kiasi cha mzigo, ibaki na ziada kidogo, usitafute ile ya kubeba mara tatu. Gari la barabarani lipe sahani nzima yenye springi. Ile ya vipande waachie wanaoshindana, ambao huondoka mara moja na hawasimami hadi mwisho. Ikanyage pedali mwenyewe mara hamsini kabla ya kumpa mwenye gari. Mwambie aitunze wiki za kwanza, aende nayo mwendo wa mjini bila kuivuta kwa nguvu, hadi sahani na chuma vizoeane. Na kabla ya yote hayo uliza gari linalala wapi, linapita wapi, linambeba nani. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu ulimi wako: mtu akikuuliza kama kitu ulichomuuzia kitamsumbua, na unajua kitamsumbua, mwambie. Akienda kwa mwingine, mwache aende. Mficha uchi hazai, na fundi anayeficha kasoro hujenga jina ambalo siku moja litamwangukia mtu asiyemjua.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe macho ya kuona kosa likiwa bado dogo, na ujasiri wa kulitaja. Wanaopanda magari yako wafike, na wanaopita mbele yake wafike pia. Amina.