Siku Shangazi Alipolikataa Gari la Misheni

Saratani ya titi ilipomrudia shangazi yangu na kusambaa, alikataa kurudi hospitali ya misheni kupasuliwa tena, akaenda kupanda kahawa. Niliikumbuka siku hiyo juzi kule Manyovu, nilipoona miche ikiuzwa.

Alasiri ile kijiji chetu cha Heru Juu kilinukia udongo uliolowa. Baba alimfuata shambani.

"Dada, gari la misheni linasubiri."

"Panda wewe, una kikohozi. Kisu nimekionja mara moja, kinatosha."

Akaendelea kufungua magome ya migomba yaliyofungia mizizi ya miche, akiimba. Mimi, mtoto bado, nilifurahi. Kahawa huchukua miaka kuzaa, kwa hiyo nilijua amepona. Kumbe alikuwa akitupandia sisi.

Baba aliondoka na gari peke yake, kumwombea dawa ya maumivu. Alijibiwa nini huko, hakutuambia kamwe.